Weka Chia kwa Uji, Lakini Usiache Maharagwe Dukani

Ujumbe uliingia saa tano usiku. Stima ilikuwa imepotea na mimi nilikuwa nimelala nje juu ya mkeka, kwa sababu ukiwa Lodwar msimu wa joto, ndani ya nyumba ya mabati hakulaliki. Simu ikawaka. Ni mtu simjui, dada Mkongomani anayeishi Kalobeyei, pale karibu na Kakuma. Aliandika hivi: "Kaka, samahani kwa kukusumbua. Nimeona video yako ya chia. Mtoto wangu anakondaka sana. Pesa ya chakula ya mwezi huu imeingia, ni kidogo. Ninunue hiyo chia kiasi gani ndio arudishe nguvu?"

Nilisoma mara tatu. Kisha nikafungua ile video yangu nikajitazama nikitabasamu na pakiti mkononi, nikaona aibu.

Wacha nikwambie ilivyokuwa. Muuzaji mmoja wa mitandaoni alinipa shilingi 1,500 nishike pakiti yake na niseme maneno aliyoniandikia. Kwamba kijiko kimoja cha chia ni mlo kamili. Kwamba ina kalsiamu kushinda maziwa na omega-3 kushinda samaki. Kwamba mtoto dhaifu akipewa atasimama. Sikuuliza swali hata moja. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kijana asiye na kazi Lodwar akionyeshwa 1,500 huwa haulizi maswali mengi. Nilisema, nikaposti, watu wakapenda, nikasahau.

Sasa hapa kuna mama ambaye hakusahau. Anataka kutoa pesa ya chakula cha nyumba nzima akanunue kitu kwa sababu mimi nilitabasamu nayo.

Sikumjibu usiku huo. Nilichukua siku mbili. Nilisoma, nikaenda kuuliza muuguzi ninayemfahamu, nikaenda sokoni na kalamu. Safu ya leo ni lile jibu langu kwake, na pia kwako wewe ambaye uko na pakiti ya chia jikoni, au unafikiria kununua kwa sababu kila mtu kwa simu yako ananywa maji yenye vidoti vyeusi.

Kwanza, chia yenyewe ni nini?

Ni mbegu ya mmea wa jamii moja na mnanaa na mrehani. Asili yake ni Mexico na Guatemala, na watu wa huko, Waazteki wakiwemo, waliila karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Leo inalimwa kwingi, hata Uganda na hapa kwetu Kenya. Ukiwahi kwenda Mombasa ukanywa faluda, zile mbegu ndogo nyeusi zinazoteleza mdomoni ni tukmaria, mbegu za mrehani. Si chia, lakini ni kama binamu, na tabia ni moja: zikiguswa na maji zinajivika ute na kuvimba. Chia inaweza kuvuta maji mara kumi ya uzito wake, hata zaidi. Kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Sasa tuwe wa haki. Chia si utapeli. Katika gramu 100 za chia kuna nyuzinyuzi karibu gramu 34, protini karibu gramu 17, mafuta karibu gramu 30, na sehemu kubwa ya hayo mafuta ni omega-3 ya mimea. Kalsiamu ni karibu miligramu 630. Hizo ni namba nzuri. Kama wewe ni mtu wa chapati na chai asubuhi, chipsi mchana, na ugali mkubwa na sukuma kidogo usiku, nyuzinyuzi unazikosa na tumbo lako linajua. Kijiko cha chia kitakusaidia kwenda chooni bila kulia. Sitanii.

Lakini ujanja uko hapo kwa "gramu 100". Hakuna mtu anakula gramu 100 za chia. Kijiko kikubwa kimoja ni kama gramu 12. Kwa hivyo ukisikia "kalsiamu mara tano ya maziwa", wamepima gramu kwa gramu, mbegu kavu dhidi ya maziwa ambayo mengi yake ni maji. Peleka hiyo hesabu mezani uone. Kijiko kimoja cha chia kina kalsiamu karibu miligramu 75. Glasi moja ya maziwa, ile ya mililita 250, ina karibu 300. Ni vijiko vinne vya chia ndio vifikie glasi moja ya maziwa. Na hii ni Turkana, mahali ambapo maziwa ya mbuzi na ngamia ni chakula cha kwanza mtu kujua, mvua ikinyesha na mifugo ikiwa hai.

Protini nayo? Kijiko kina gramu mbili hivi. Yai moja lina gramu sita. Tena vijiko vitatu kwa yai moja.

Na hiyo omega-3 "kushinda samaki"? Omega-3 ya chia si sawa na ya samaki. Mwili lazima uibadilishe kwanza ndio iwe kama ile ya samaki, na unafaulu kubadilisha sehemu ndogo tu. Yaani mimi nilisimama Lodwar, mwendo mfupi kutoka Kalokol ambako samaki wa Ziwa Turkana wanatolewa majini, wanakaushwa na kuletwa hapa mjini kwa magunia, nikawaambia watu omega-3 iko kwa pakiti. Mvuvi wa Kalokol angenisikia angenicheka mpaka akae chini.

Kisha nikaenda sokoni. Siku hiyo, kwa duka nililoingia, robo kilo ya chia ilikuwa shilingi 250. Kilo ya maharagwe ilikuwa 180. Hebu tufanye hesabu pamoja, kwa sababu mama wa Kalobeyei aliniuliza swali la pesa na linastahili jibu la pesa.

Ukiwa na shilingi 100, chia utapata gramu 100: protini gramu 17, kalori chini ya 500. Na hiyo mia moja ukinunua maharagwe, utapata zaidi ya nusu kilo: protini zaidi ya gramu 110, kalori zaidi ya 1,700. Na maharagwe pia yana nyuzinyuzi, si eti ni mali ya chia peke yake. Mia moja ile ile. Mfuko mmoja unalisha nyumba, mwingine unapamba glasi.

Nitakubali kitu kimoja ambacho watetezi wa chia wataniambia, na ni kweli. Maharagwe yanataka moto. Kwa Kakuma na hata hapa Lodwar, kuni na makaa ni gharama, na kuchemsha maharagwe saa mbili au tatu ni mzigo. Chia haihitaji moto. Hapo imeshinda. Lakini maharagwe ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji asubuhi, yanaiva haraka zaidi na tumbo haliungurumi sana. Na chia nayo ina bei yake isiyoandikwa kwa pakiti: maji. Nilikwambia inavuta mara kumi. Mtu anayechota kwa foleni ya mitungi anafaa kuambiwa hivyo kabla hajanunua.

Wacha nitoke nje ya jikoni kidogo, halafu nitarudi.

Sisi watu wa Turkana tumezoea kuambiwa muujiza umefika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa pale Kalokol, kwa pesa za Norway, kiwanda cha kugandisha samaki. Wafugaji wangekuwa wavuvi, samaki wangeenda mbali, maisha yangebadilika. Kugandisha kitu kwa joto la hapa kukawa ghali kuliko samaki mwenyewe, na Ghuba la Ferguson lililokuwa na samaki wengi likakauka baadaye. Kiwanda kikafa, jengo likabaki. Mwaka 2012 mafuta yakapatikana kisima cha Ngamia 1, tukaambiwa umaskini basi. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba chini ya ardhi yetu, kule Lotikipi, kuna ziwa la maji la kutosha Kenya miaka mingi. Walipokuja kuchimba na kupima, maji ya Lotikipi yakaonekana yana chumvi nyingi. Na katikati ya hizo ahadi zote tukapitia ukame wa kuanzia 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, mifugo ikilala chini isiamke.

Sisemi samaki ni wabaya, wala mafuta, wala maji. Nasema kitu kizuri kikisifiwa kupita uwezo wake, anayeumia ni yule aliyekiamini na hana akiba. Tajiri akidanganywa na chia amepoteza mia mbili hamsini. Yule dada akidanganywa amepoteza chakula cha siku kadhaa.

Na yeye aliniandikia wakati gani? Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulikatwa vibaya kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Watu waliandamana. Kisha familia zikagawanywa kwa makundi, wengine wakapata zaidi, wengine kidogo, wengine wakaambiwa wajitegemee. Kambi ya Kakuma imekuwepo tangu 1992, kuna watu wamezaliwa humo na sasa wana watoto wao, na bado hesabu ya sahani inafanywa na mtu wa mbali. Sisi wa Lodwar, kilomita kama 120 hivi kutoka kwao, tunajua hiyo hali kwa sababu njaa yetu na yao hupitia barabara moja. Kwa mtu kama huyo, kila shilingi iko na kazi kabla haijaingia kwa simu.

Kwa hivyo, dada wa Kalobeyei, hili ndilo jibu langu. Nililikutumia kwa ufupi, hapa naliandika lote kwa sababu najua hauko peke yako.

Usinunue chia kwa ajili ya mtoto. Mtoto aliyekonda anahitaji chakula kidogo chenye nguvu nyingi, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Chia inafanya kinyume: inavimba na kulijaza hilo tumbo kabla nguvu haijaingia. Kule kliniki kuna ile pakiti ya siagi ya karanga ya watoto wenye utapiamlo. Ina uzito wa gramu 92 na ina kalori 500. Ukitaka kalori 500 kutoka kwa chia, unahitaji vijiko vikubwa vinane hadi tisa, ambavyo vitavuta lita moja ya maji. Mtoto gani atameza ndoo hiyo?

Mpeleke akapimwe. Kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano kuna ule utepe wa kupima mkono, una rangi tatu. Kijani ni sawa. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni tahadhari. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari na ni lazima atibiwe. Kupima hakuchukui hata dakika. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuja na utepe hadi kwako. Miguu ikivimba, mtoto akikataa kula, akiwa na homa au akihara, usingoje mtu wa mitandao, nenda siku hiyo hiyo. Na mtoto wa chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, hakuna uji, hakuna chia, hakuna maji.

Na zile pesa, nunua unachokijua: maharagwe au ndengu, unga, mafuta ya kupikia, samaki mkavu kidogo umponde laini umtolee miiba umtie kwa chakula cha mtoto. Kijiko cha mafuta ya kupikia kwa uji wake kitamsaidia kuliko kijiko changu cha chia.

Nyanya yangu, ambaye amekula edung miaka mingi, ndiye alinimalizia. Kama hujui, edung ni tunda la mti wa porini huku kwetu, na halilki hivi hivi. Linachemshwa, maji yanamwagwa, linachemshwa tena, mara kadhaa mpaka ule uchungu na sumu yake iishe. Nilimweleza mambo ya chia akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe umeijua kuipika lini?" Nikasema sijawahi, nilikuwa naitangaza tu. Akasema, "Kitu hujui kukipika, usimpe mtoto wa mtu." Hakuongeza neno.

Sasa nije kwako wewe mwingine. Wewe ambaye sahani yako haina shida. Umelipwa mwisho wa mwezi, au unaishi kwa mzazi, umekula ugali na maharagwe, na unataka kuongeza chia kwa chakula cha kila siku. Ongeza bana. Hakuna ubaya, ila fanya hivi.

Anza na kijiko kidogo cha chai kwa siku, wiki nzima. Tumbo lako likizoea, panda hadi kijiko kikubwa kimoja. Wengi hawahitaji kupita viwili. Ukianza na vitatu siku ya kwanza, utajua maana ya tumbo kuwa ngoma.

Loweka kwanza. Kijiko kimoja kikubwa, maji au maziwa nusu glasi hivi, koroga, ngoja dakika tano, koroga tena isigandamane, halafu iache nusu saa. Usiile kavu kwa kijiko na kushushia maji. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyemeza kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji. Zilivimbia kwa umio zikakwama, ikabidi asaidiwe kwa vifaa hospitalini. Alikuwa na historia ya kumeza kwa shida. Kama wewe pia chakula hukukwama kooni, achana na chia kabisa.

Kunywa maji. Lodwar hupiga nyuzi 35 mchana kama mchezo. Nyuzinyuzi bila maji zinafunga tumbo badala ya kulifungua. Kama siku hiyo maji ni ya shida, siku hiyo usile chia. Rahisi hivyo.

Usiloweke ya wiki nzima. Wale wa video za ng'ambo wanaweka kwa friji siku tano. Wewe huna friji, au unayo na stima hukatika. Kwa joto letu, loweka ya kula ndani ya masaa machache, na utumie maji safi ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Chia haiui vijidudu.

Kama unatumia dawa za presha, za sukari au za kufanya damu iwe nyepesi, uliza daktari au mfamasia kwanza.

Na uitie wapi? Mahali pa kwanza ni uji. Uji wa mtama au wa wimbi ukishaiva na kupoa kidogo, tia kijiko cha chia, koroga, ngoja dakika kumi. Unakuwa mzito, kwa hivyo punguza unga kidogo mwanzoni. Mahali pa pili ni maziwa lala. Chia na maziwa lala ni marafiki, ule utelezi haujulikani. Tatu, maji ya ukwaju au ndimu wakati wa jua kali, bila kumwaga sukari nusu kilo. Nne, kwa unga wa chapati: kijiko kimoja cha chia iliyosagwa kwa unga wa chapati sita, hata mdogo wako hatajua. Kwa anjera ya Kakuma siwezi kukushauri, wenye anjera yao wanajua kazi yao. Na sombe ya Wakongomani haihitaji msaada wa mtu.

Niliijaribu kwa watu pia. Mama yangu ana kibanda cha uji na mandazi hapa mjini. Nilimwomba anipe sufuria moja ndogo niweke chia. Akanipa, akasema nikiharibu nitalipa. Wa kwanza alikuwa jamaa wa bodaboda. Alikunywa nusu, akaangalia ndani ya kikombe, akauliza, "Buda, hii ni nini inaogelea?" Nikamweleza. Akauliza ni pesa ngapi zaidi. Nikamwambia shilingi kumi. Akasema, "Hiyo kumi niongezee mandazi."

Nilicheka, lakini baadaye nikaona yule jamaa amefikiri kuliko mimi. Alijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza nikirekodi ile video: hii kumi ikienda kwa chia, inatoka wapi? Nadhani hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya chia, na kabla ya kila unga na kila matone mtu anakutumia kwa simu akikwambia ni tiba. Usiishie kuuliza "ina faida?", kwa sababu karibu kila chakula kina faida. Uliza inaondoa nini kwa sahani yangu. Ikiondoa soda, karibu chia. Ikiondoa maharagwe, rudisha dukani.

Na kwa wenzangu ambao tunaishi kwa kuongea mitandaoni, najua bili zinakuja na kazi hakuna. Sitawaambia msichukue matangazo, mimi mwenyewe nitachukua tena. Lakini tukubaliane kwamba chakula si viatu. Kiatu kibaya kitamuumiza mtu kidole. Neno baya kuhusu chakula cha mtoto linafika Kalobeyei usiku, kwa mama ambaye hakuna mwingine amemjibu. Kama hujui, sema sijui. Kama umelipwa, sema umelipwa. Na usitaje ugonjwa, usitaje mtoto mdogo, hata muuzaji akikuongezea mia tano.

Ile video nimeifuta. Zile 1,500 niliila kitambo, siwezi danganya. Nimerekodi nyingine bila malipo, niko kibandani kwa mama, na mkononi nina utepe wa kupima mkono ambao muuguzi aliniazima. Imepata watu wachache kuliko ile ya kwanza. Ni sawa.

Dada wa Kalobeyei alinijibu baada ya siku tatu. Alienda kliniki. Utepe ulisoma njano, si nyekundu. Wamemwandikisha mtoto, wamemwambia arudi baada ya wiki mbili apimwe tena. Maharagwe alinunua, aliloweka usiku. Mwisho wa ujumbe aliandika, "Hiyo chia unibakishie, siku moja nitaonjaka."

Nimemwekea kijiko. Na wewe, kabla ya kulala leo, kama kuna mtoto kwenu ambaye nguo zinaanza kumpwaya, mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wenu kesho asubuhi.